Daktari wa Wilayani: Kumpata na Kumbakiza

Karibu nusu ya watu wote duniani wanaishi vijijini, lakini kwa mujibu wa mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, watu hao walikuwa wakihudumiwa na asilimia 38 tu ya wauguzi wote na chini ya robo ya madaktari. Nchini Tanzania, ambako sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na kuonyesha kwamba takriban theluthi mbili kati yao wanaishi vijijini, pengo hilo linafahamika kwa kila mwananchi aliyewahi kusafirishwa na mgonjwa kutoka kata ya mbali hadi mjini kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumfanyia upasuaji karibu na nyumbani. Jambo hili huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni suala la uzalendo peke yake, na katika mahafali mengi madaktari vijana huhimizwa wakubali kufanya kazi popote watakapopangiwa. Himizo hilo lina haki yake, kwa kuwa daktari husomeshwa kwa sehemu kubwa na kodi za wananchi, lakini linaacha pembeni swali lililo zito zaidi, nalo ni kwa nini madaktari wengi waliokwisha kukubali, wakaripoti na wakaanza kazi kwa moyo, huomba uhamisho baada ya miaka michache. Ukichunguza majibu yao, utakuta kwamba sehemu kubwa ya yanayowaondoa ni mambo ambayo mwajiri na jamii wangeweza kuyapanga mapema.

Ni vyema kwanza kubainisha ni nani anayezungumziwa. Katika mfumo wa afya wa Tanzania Bara, kituo cha ngazi ya chini ni zahanati, ambayo kwa sera huhudumia kijiji, ikifuatiwa na kituo cha afya kinachohudumia kata, kisha hospitali ya halmashauri, na juu yake hospitali za rufaa za mikoa, za kanda na ya taifa. Zahanati kwa kawaida huongozwa na tabibu, yaani mtaalamu mwenye mafunzo ya ngazi ya cheti au stashahada, ambaye wananchi humwita daktari kwa heshima na kwa haki, kwa maana ndiye anayewatibu siku zote. Daktari anayekusudiwa katika makala haya ni yule aliyehitimu shahada ya udaktari wa binadamu baada ya masomo ya miaka mitano, akafanya kazi hospitalini kwa mwaka mmoja chini ya usimamizi kama daktari mtarajali, ndipo akasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Huyu ndiye anayetarajiwa kuwapo katika hospitali ya halmashauri na, kadiri uwezo unavyoruhusu, katika kituo cha afya, ili apokee rufaa kutoka zahanati na kufanya upasuaji wa dharura.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Mwaka huohuo mwanazuolojia wa Uswisi Rudolf Geigy alianzisha Ifakara, katika bonde la Kilombero, kituo cha kuwafundisha waganga wasaidizi wa vijijini, na mwaka 1963 chuo cha udaktari kilianza Dar es Salaam, sambamba na kozi ya kuwaandaa madaktari wasaidizi, ambao walikuwa matabibu wenye uzoefu walioongezewa mafunzo ya miaka miwili yakiwamo ya upasuaji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilielekeza rasilimali za nchi vijijini, na katika miaka ya 1970 liliwekwa lengo la kuwa na kituo cha afya kimoja kwa kila watu 50,000 na zahanati moja kwa kila watu 10,000. Vituo vya afya vya vijijini, ambavyo havikufika 30 wakati wa uhuru, vilikuwa vimezidi 200 kufikia mwaka 1980, nayo mafanikio hayo yalibebwa hasa na waganga wasaidizi, matabibu, wauguzi na madaktari wasaidizi, kwa sababu madaktari wenye shahada walikuwa bado wachache mno kuweza kugawanywa nchi nzima.

Kilichofuata kinaeleza kwa nini usambazaji wa madaktari uliyumba hata baada ya vyuo kuongezeka. Tiba ya kibinafsi ya kibiashara, iliyopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1977, iliruhusiwa tena mwaka 1991, na hospitali binafsi zilizofunguliwa zilikuwa nyingi mijini, ambako wagonjwa wenye uwezo wa kulipa wanapatikana. Miaka miwili baadaye, chini ya marekebisho ya utumishi wa umma yaliyoendana na masharti ya kupunguza matumizi ya serikali, ajira mpya zilisitishwa, hivyo katika sehemu kubwa ya miaka ya 1990 vyuo viliendelea kutoa wahitimu ambao halmashauri za pembezoni hazikuwa na kibali cha kuwaajiri. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kwa kifupisho cha MMAM, ulioanza mwaka 2007 kwa lengo la kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kuwa na kituo cha afya, ulikuta nchi ambayo majengo yangeweza kuinuliwa kwa nguvu za wananchi kwa kasi kuliko ilivyowezekana kuwapata watu wa kuyafanyia kazi. Kwa miaka mingi sasa hesabu za serikali zenyewe zimekuwa zikionyesha kwamba karibu nusu ya nafasi zinazotakiwa kwa mujibu wa ikama, yaani idadi ya watumishi ambayo kituo kinapaswa kuwa nayo, ziko wazi, na kwamba uwazi huo ni mkubwa zaidi kadiri unavyokwenda mbali na mji.

Kuna tukio la mwaka 2017 ambalo linastahili kukumbukwa kila mara upungufu wa madaktari unapotajwa. Mwezi Machi mwaka huo, baada ya mgomo wa siku 100 wa madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya, ujumbe wa serikali ya Kenya uliomba Tanzania iwapatie madaktari 500, na Rais John Magufuli akakubali. Mamia ya madaktari wa Kitanzania waliokuwa na usajili kamili lakini hawana ajira wakaomba nafasi hizo. Mahakama ya Kenya ilipousimamisha mpango huo kutokana na shauri lililofunguliwa na madaktari wa huko, Rais Magufuli aliagiza waombaji 258 waliokuwa na sifa waajiriwe na serikali ya Tanzania. Kwa maneno mengine, katika nchi ambayo hospitali za wilaya zilikuwa zinalia kwa kukosa madaktari, walikuwapo madaktari waliokaa nyumbani wakisubiri tangazo la kazi, na kilichowaunganisha na wagonjwa wao kilikuwa bahati ya kisiasa iliyotokea nchi jirani.

Tukio hilo linafundisha kwamba neno upungufu hufunika mambo matatu yasiyofanana. Upo upungufu wa watu waliosomea kazi, upo upungufu wa nafasi zilizotengewa mshahara katika bajeti, na upo upungufu wa sababu za mtu kubaki mahali alipopelekwa. Kuongeza udahili vyuoni hutibu wa kwanza tu, na serikali inayoongeza wahitimu bila kuongeza vibali vya ajira huzalisha madaktari wa kusafirishwa nje au wa kuhangaika na kazi zisizo zao. Upungufu wa tatu ndio unaosahaulika zaidi, kwa sababu hauonekani katika taarifa za uajiri: daktari aliyeripoti mwezi Julai huhesabiwa kuwa ameajiriwa, na akiondoka baada ya miaka miwili nafasi yake huhesabiwa upya kama hitaji jipya.

Yanayomkuta daktari mpya katika wiki zake za kwanza yana uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Akishapangiwa kituo, huripoti kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, hukabidhi vyeti kwa ofisa utumishi, hujaza fomu za kuingizwa katika orodha ya mishahara, kisha husubiri namba ambayo watumishi huiita cheki namba. Mpaka namba hiyo itoke hakuna mshahara, na fedha za kujikimu, ambazo mwajiriwa mpya anastahili kupewa ili aweze kupanga chumba na kula katika siku za mwanzo, hutegemea kama halmashauri imezitenga na kama zimefika. Zikichelewa, kijana ambaye jamii inamtazama kama mtu mkubwa huanza maisha yake ya kazi kwa kukopa unga na mafuta dukani, na kwa kupanga chumba kwa mtu ambaye huenda kesho atakuwa mgonjwa wake. Deni hilo la mwanzo hugeuka kuwa malimbikizo, malimbikizo hugeuka kuwa safari za kwenda makao makuu ya wilaya kufuatilia, na kila safari ni siku ambayo kituo hakina daktari. Halmashauri inayomkabidhi daktari ufunguo wa nyumba na fedha zake za kujikimu siku anayoripoti imefanya kazi ya ubakizaji ambayo hotuba kumi haziwezi kuifanya.

Baada ya nyumba huja kazi yenyewe, na hapa ndipo mambo mengi huamuliwa. Mfano unaoeleweka kwa urahisi ni ule wa uchungu pingamizi, yaani hali ambayo mtoto hawezi kupita katika nyonga ya mama ijapokuwa mfuko wa uzazi unakaza kwa nguvu, na ambayo isipotatuliwa kwa saa chache inaweza kupasua mfuko huo na kuwaua wote wawili. Mama akifikishwa kituo cha afya saa nane usiku, daktari anajua kinachotakiwa, kwa kuwa upasuaji wa kumtoa mtoto ni miongoni mwa mambo ya kwanza aliyojifunza kuyafanya kwa mikono yake alipokuwa daktari mtarajali. Lakini upasuaji huo unamhitaji mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mkunga wa kumpokea mtoto, damu ya kundi linalofaa, dawa ya ganzi, oksijeni, nyuzi, vifaa vilivyotakaswa, maji na umeme usiokatika. Kimoja kikikosekana, daktari mwenye shahada hana la kufanya zaidi ya lile ambalo tabibu angefanya, yaani kumwekea mgonjwa dripu, kuandika rufaa na kutafuta gari. Katika vituo vingi mtaalamu wa usingizi ni mmoja, hivyo akienda likizo au masomoni, chumba cha upasuaji kilichojengwa kwa mamilioni ya shilingi hufungwa mpaka arudi.

Serikali ilipoanza, katika mwaka wa fedha 2017/18, kukarabati mamia ya vituo vya afya na kuvijengea vyumba vya upasuaji, ilitatua sehemu ya tatizo hili, na jambo hilo linastahili kusifiwa bila kigugumizi kwa kuwa limesogeza huduma karibu na akina mama wengi. Hata hivyo chumba cha upasuaji hakifanyi kazi bila kundi zima la watu, na mpango wa ajira unaompeleka daktari peke yake mahali pasipo na mtaalamu wa usingizi wala wa maabara humweka katika hali ya kushuhudia vifo ambavyo anajua angeweza kuvizuia. Daktari anayerudia usiku wa namna hiyo kwa miezi kadhaa hupatwa na mambo mawili: ujuzi wake unafifia kwa kutotumika, na dhamiri yake inachoka. Akiomba uhamisho, barua yake itataja sababu za kifamilia, lakini sababu hasa ni kwamba hataki kuendelea kuwa shahidi.

Sababu za kifamilia nazo si kisingizio. Daktari anapoanza kazi huwa karibu na umri wa kuoa au kuolewa, na mwenza wake mara nyingi ni mtu aliyesoma ambaye naye anatafuta kazi inayolingana na elimu yake. Katika utumishi wa umma maombi ya kuhama kwa ajili ya kumfuata mwenza ni ya kawaida kabisa, na kwa vile mwenza aliyeko mjini hapati nafasi wilayani kwa urahisi, anayehama huwa ni yule wa kijijini. Baadaye huja suala la shule ya watoto, na baada yake suala la masomo ya ubingwa, ambayo huchukua miaka mitatu au zaidi na hufundishwa katika hospitali kubwa. Daktari aliyeko hospitali ya rufaa hukutana kila siku na mabingwa, husikia mapema nafasi za ufadhili, na hufahamika kwa wale watakaompendekeza, ilhali mwenzake wa Kigoma vijijini au Tunduru anaweza kufanya kazi mara tatu zaidi bila jina lake kujulikana na yeyote mwenye uamuzi. Utaratibu wa haki ungekuwa ni kumpa kipaumbele cha masomo mtu aliyetumikia pembezoni kwa miaka kadhaa, na kuandika haki hiyo katika mkataba ili isitegemee hisani.

Kuhusu nani hasa hubaki, ushahidi kutoka nchi nyingi umekubaliana kwa namna ambayo ni nadra katika masuala ya kijamii: mwanafunzi aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya kazi na kudumu kijijini kuliko aliyekulia mjini. Japani ilitumia ukweli huu kwa ujasiri mwaka 1972 ilipoanzisha Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, ambacho kila mwaka huchagua wanafunzi wawili au watatu kutoka kila mkoa wa nchi hiyo, huwasomesha bila ada, na huwarudisha mikoani kwao kutumikia kwa takriban miaka tisa, sehemu ya muda huo ikiwa katika maeneo yenye uhaba. Watafiti waliowafuatilia wahitimu wa Jichi waligundua kwamba hata baada ya kumaliza wajibu wao walikuwa na uwezekano wa kufanya kazi vijijini mara kadhaa zaidi ya madaktari wengine. Afrika Kusini nayo ina mfano mdogo lakini wenye mafunzo makubwa, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika Hospitali ya Mosvold kaskazini mwa KwaZulu-Natal, ambako vijana wa wilaya hiyohiyo walitafutwa shuleni, wakafadhiliwa masomo ya afya, wakafuatiliwa kwa ukaribu vyuoni wasikate tamaa, kisha wakarudi kuwatibu watu wa kwao.

Kwa Tanzania, hoja hiyo ina matokeo ambayo wapangaji wa afya hawayataji vya kutosha. Kuingia chuo cha udaktari kunahitaji ufaulu mzuri wa fizikia, kemia na baiolojia kidato cha sita, na wanafunzi wa shule za kata zisizo na maabara kamili wala mwalimu wa fizikia huachwa nyuma kabla hata hawajafika kwenye mlango wa chuo. Kwa hiyo daktari wa kesho wa Kakonko au Liwale hupotea kidato cha pili, pale mwanafunzi hodari wa sayansi anapohamia masomo ya sanaa kwa kukosa mtu wa kumfundisha kukokotoa mwendo na nguvu. Halmashauri inayolalamika kukosa madaktari na wakati huohuo kuacha shule zake bila walimu wa sayansi inajikosesha yenyewe, na itaendelea kuazima vijana wa mikoa mingine ambao, kwa haki kabisa, wataendelea kutamani kurudi kwao.

Mahali pa kusomea nako kuna uzito. Kwa miaka mingi udaktari ulisomewa Dar es Salaam pekee, lakini leo upo Moshi, Mwanza, Dodoma, Mbeya na hata Ifakara, ambako chuo cha Mtakatifu Fransisko kinawafundisha madaktari katika mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mpunga, mahali palepale ambapo waganga wasaidizi wa vijijini walianza kufundishwa mwaka 1961. Mwanafunzi anayejifunza katika hospitali ambayo wagonjwa wake wamekuja kwa pikipiki na mitumbwi hujifunza kutibu kwa vifaa vilivyopo, hujua malaria kali na majeraha ya kilimo si kwa kusoma tu, na hupoteza ile hofu ya kijiji ambayo humwandama aliyelelewa na kufundishwa katika hospitali zenye kila kipimo.

Nchi nyingine zimejaribu njia ya fedha. Malawi, ilipoelemewa na UKIMWI na kuondokewa na watumishi wake kwenda ng'ambo, ilianza mwaka 2004 mpango wa dharura uliowaongezea watumishi wa afya wa kada kadhaa asilimia 52 ya mishahara, na kasi ya kuondoka ikapungua. Zambia mwaka 2003, kwa msaada wa Uholanzi, iliwapa madaktari waliokubali kutumikia wilaya za mbali kwa miaka mitatu posho ya ziada, msaada wa karo za watoto na nafasi ya mikopo. Fedha husaidia, na mtu anayesema kwamba posho ya mazingira magumu si muhimu hajawahi kuishi mahali ambapo nauli ya kufika benki hula sehemu ya mshahara, lakini mipango ya namna hiyo hulegea wafadhili wanapoondoka, na nyongeza isiyofika kwa wakati huvunja imani kuliko kutokuwapo kwake. Njia ya kulazimisha, ambapo mhitimu hutakiwa kutumikia kijijini kwa muda fulani kabla ya kupata leseni kamili au kuruhusiwa kusomea ubingwa, imetumiwa na nchi zaidi ya 70 kwa namna mbalimbali. Hiyo hujaza nafasi haraka, ila kama hakuna usimamizi wala nyumba, kijiji hupata daktari mpya kila mwaka ambaye anahesabu miezi.

Lipo jibu jingine ambalo Afrika Mashariki na Kusini zimelijenga zenyewe, nalo ni kuwafundisha upasuaji wataalamu wa ngazi ya kati. Msumbiji, iliyobaki na madaktari wachache mno baada ya Wareno kuondoka, ilianza mwaka 1984 kuwaandaa mafundi wa upasuaji kutoka miongoni mwa wauguzi na wasaidizi wa tiba, na uchunguzi uliofanywa miaka saba baada ya kuhitimu ulikuta kwamba karibu tisa kati ya kila kumi walikuwa bado katika hospitali za wilaya, ilhali madaktari waliopangiwa hospitali hizo katika kipindi kilekile walikuwa wameondoka wote. Tanzania ilikuwa na mfano wake katika madaktari wasaidizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za Mwanza na Kigoma ulionyesha kwamba wao ndio waliofanya zaidi ya asilimia 80 ya upasuaji mkubwa wa dharura za uzazi, na kwamba matokeo yao hayakutofautiana kwa kiasi cha maana na yale ya madaktari wenye shahada. Uamuzi uliofanywa katika miaka ya 2010 wa kusitisha mafunzo ya kada hiyo ulitokana na nia njema ya kuinua viwango, lakini ulifunga ngazi ambayo kwa nusu karne ilimwezesha tabibu wa kijijini, mtu aliyekwisha kuizoea jamii yake na kuoa humo, kupanda hadi kufanya upasuaji bila kuhama. Nafasi yake haijazibwa, na kufikiria upya uamuzi huo hakutakuwa aibu kwa yeyote.

Wakati mwingine suluhisho hutafutwa mbali zaidi. Kenya, ambayo huduma zake za afya zilihamishiwa serikali za kaunti mwaka 2013, iliwaleta madaktari bingwa 100 kutoka Cuba mwaka 2018 na kuwagawa katika kaunti, mpango ambao ulisitishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko ya muda mrefu kutoka kwa madaktari wa nchi hiyo kwamba fedha za mpango huo zingewaajiri wenyeji.

Hatua zilizozaa matunda Tanzania ni zile zilizomtazama mtumishi kama mtu mwenye maisha kamili. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mkapa mwenyewe baada ya kustaafu urais, ilianza kwa kuwaajiri kwa mikataba madaktari na wataalamu wengine na kuwapeleka katika wilaya za pembezoni, kisha kwa fedha za Mfuko wa Dunia ikajenga mamia ya nyumba za watumishi wa afya karibu na vituo vyao. Nyumba iliyo mita chache kutoka wodini ina faida mbili, kwa kuwa humpa mtumishi heshima na usalama, hasa daktari wa kike anayeitwa usiku, na humpa mgonjwa daktari anayefika kwa dakika badala ya saa. Mfumo wa M-mama, uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, umempunguzia daktari mzigo mwingine wa kutafuta gari usiku wa manane, kwa sababu simu ya bure kwa namba 115 huunganisha kituo na magari ya wagonjwa au madereva wa jamii waliosajiliwa.

Upande wa ushauri wa kitaalamu nao umeanza kupata jibu. Tibamtandao, yaani utaratibu wa daktari aliye mbali kusoma picha na vipimo vya mgonjwa na kushauri kwa njia ya mawasiliano ya kompyuta, unaweza kumwondolea daktari wa wilaya upweke wa kuamua peke yake, mradi umeme na mtandao viwepo. Kambi za Madaktari Bingwa wa Mama Samia, zilizoanza Mei 2024, huwapeleka mabingwa wa uzazi, watoto, upasuaji, usingizi na magonjwa ya ndani katika hospitali za halmashauri kwa siku chache. Faida yake kubwa haimo katika idadi ya wagonjwa wanaotibiwa katika siku hizo, ingawa ndiyo inayotangazwa, bali katika saa ambazo daktari wa wilaya husimama mezani kando ya bingwa na kufundishwa, na katika namba ya simu anayobaki nayo. Kambi hizo zingefaa kupimwa kwa swali moja: ni mambo gani daktari mwenyeji anaweza kuyafanya sasa ambayo mwaka jana aliyatolea rufaa?

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati, vituo vya afya na hospitali, na matumizi yake hujadiliwa na kamati ya kituo ambayo ina wawakilishi wa wananchi. Wananchi wa kata yenye kituo cha afya, kwa hiyo, hawana sababu ya kusubiri Dodoma iwafikirie kwa kila jambo. Waulize katika mkutano wa kijiji kama nyumba ya daktari ina maji na mlango unaofungika, kama mtaalamu wa usingizi yupo na nani humshikia zamu akiwa likizo, kama jenereta ina mafuta, na kama halmashauri imetenga fedha za kujikimu kwa watumishi watakaopangwa mwaka huu. Wadai majibu yaandikwe katika muhtasari, na wayafuatilie kabla daktari mpya hajaripoti.